Nilifuta Jina la Shemeji kwa Msasa

Wewe ambaye wiki iliyopita gazeti lilikupita, shika haya machache tuende pamoja. Naitwa Edson, fundi rangi wa magari. Gereji moja ya Shinyanga mjini ilinifukuza kwa wizi wa kompresa ambayo sikuiiba. Nikahamia Katoro kwa mdogo wangu Limi, ambaye mumewe, Marselino, alikuwa ametoweka machimboni miezi saba. Nikaanza kuzunguka majumbani kwa watu, nikiondoa mikwaruzo midogo kwenye magari yao. Niliishia pale nilipopata mteja mkubwa, nikadhani mambo yangu yamenyooka.

Yalinyooka wiki mbili tu.

Mteja mwenyewe aliitwa Cornel. Ana maduara matatu ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na karasha la kusagia mawe. Na ndiye aliyekuwa bosi wa shemeji yangu Marselino.

Ndiyo. Nilijua hilo nilipokubali kazi yake. Na sikumwambia Cornel kwamba Marselino ni shemeji yangu. Naliungama mapema ili usije ukanihurumia mahali nisipostahili.

Siku ya kwanza alinipokea mkewe, Mama Blessing. Jina lake Justa, lakini pale mtaani hakuna anayemwita hivyo.

"Fundi, kazi ifanyike hapa hapa ndani ya geti," aliniambia. "Baba Blessing hataki gari lionekane gereji. Watu wa Katoro wanaongea sana."

Gari lilikuwa Prado nyeusi. Rangi nyeusi haifichi kitu. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na mikwaruzo miwili mirefu, na mbele kulikuwa na vidoa vya kokoto za barabara ya Ushirombo.

Nikaiosha kwa sabuni, nikaikausha. Nikapitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, kampaundi, ile dawa ya kung'arishia, na kitambaa vinatosha. Ukucha ukinasa, ujue rangi imekatika. Ile ya mlangoni ilinasa.

Nikasoma namba ya rangi kwenye kibati chake, nikachanganya. Kwenye vidoa nilitia praima, rangi ya msingi, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kisha rangi, tone kwa tone, nikisubiri kila tone likauke. Mlangoni nikapita na msasa wa maji, rangi nyembamba mara nne, halafu kliya ya kung'arisha. Kesho yake nikasugua mpaka nikajiona meno.

Cornel akapitisha kiganja. "Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Hapo hapo ulipogusa, bosi."

Akacheka. Nami nikacheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani nijizabe kofi.

Siku tano baadaye akanipigia mwenyewe. "Fundi, njoo. Njoo sasa hivi."

Nilimkuta amesimama mbele ya gari, jasho linamtoka. Boneti nzima ilikuwa imeandikwa kwa msumari, herufi kubwa kama kiganja changu:

MARSELINO YUKO WAPI

Nilirudi nyuma hatua mbili. Na si kwa sababu ya jina. Ni kwa sababu ya herufi N. Ilikuwa imegeuzwa, mstari wake wa katikati ukipanda badala ya kushuka.

Katika dunia hii namjua mtu mmoja anayeandika N hivyo. Aliacha shule darasa la tatu akaenda kulinda mpunga wa baba. Mimi ndiye niliyemfundisha herufi zilizobaki, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. N ilinishinda kumsahihisha.

Limi.

Alikuwa akiingia pale kila mchana. Mafundi ujenzi walikuwa wameanza kujenga uzio wa Cornel nilipomaliza kazi ya kwanza, na Limi ndiye aliyewaletea ugali na maharage.

"Huyu Marselino ni nani, bosi?" nikauliza.

Nimeandika swali hilo kama lilivyotoka. Nimekula naye sahani moja. Nilisimama upande wake siku ya mahari. Nikauliza ni nani.

"Kibarua," Cornel akasema. "Alinikimbia na mawe yangu. Sasa kuna mpumbavu anataka nimtapike. Futa."

Nikafuta.

Nilianza na jina. Nilisugua kwa haraka, kama ninayezima moto, nikiogopa mtu mwingine asije akaiona ile N. Nilijiambia namlinda dada yangu. Kweli nilikuwa namlinda. Lakini nilikuwa nalinda pia mlo wangu, na sitajifanya hapa kwamba sikulijua hilo.

Mchana Mama Blessing akaniletea chai. Akasimama.

"Hayo maneno umeyasoma, fundi?"

"Nimeyasoma, mama."

"Na bado unafuta?"

"Ndiyo kazi niliyoitiwa."

Akaweka kikombe chini, juu ya zege, akaondoka bila kunitazama.

Jioni nilimkuta Limi uani anachambua mchele. Sikumsalimia.

"Wewe ndiye uliyekwaruza gari la Cornel?"

Hakushtuka. Hakuinua hata kichwa. "Na wewe ndiye uliyefuta?"

"Limi, wakikukamata..."

"Nimekuuliza, kaka. Ni wewe uliyefuta?"

"Ni mimi."

Akasimama. Ungo ukamwaga mchele wote chini.

"Mayo wane!" akalia kwa Kisukuma, akimwita mama yetu ambaye hayupo. "Leo mafundi wa uzio walipofuata chakula kwangu waliniambia yanafutwa, nikawaza mchana kutwa fundi gani yule mwenye roho ya chuma. Kumbe analala nyumbani kwangu! Anakula ugali wangu!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze sauti? Miezi saba nimepunguza sauti! Wewe ndiye uliyeniambia nisimtafute. Ulisema nini? Ulisema Marselino amepata mwanamke Chunya. Ulisema wachimbaji ndivyo walivyo. Nilikuamini, Edson. Nilimchukia mume wangu kwa sababu yako!"

Nilikuwa nimeyasema yote hayo. Ndiyo maana hasira ikanipanda.

"Kwani si kweli? Angekuwa na akili ya nyumbani asingepiga hata simu?"

"Anapigaje simu akiwa chini ya udongo?"

"Udongo gani?"

Ndipo akaniambia. Yasini, mvuta kamba wa duara namba tatu, yule anayewashusha wachimbaji na kuwapandisha, alikuja kula kwake wiki tatu zilizopita. Alikuwa ametoka Songwa alikohamishiwa ghafla. Alikula nusu sahani, akaanza kulia.

Asubuhi ile, Yasini alisema, alishusha watu watatu. Marselino, na ndugu wawili kutoka Ushetu walioacha kilimo cha tumbaku wakaja kutafuta dhahabu. Saa nne Cornel akamtuma mjini kufuata dizeli. Aliporudi saa nane, hakukuta duara. Alikuta kifusi kimesawazishwa na kushindiliwa, kama hapakuwahi kuwa na shimo.

"Aliuliza," Limi akasema. "Cornel akamjibu, duara lilikuwa tupu, watu wameacha kazi. Kesho yake akampeleka Songwa. Duara lilibomoka, kaka. Badala ya kufukua, wakafukia. Kwa sababu serikali ikisikia kuna watu wamekufa, inafunga eneo zima."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama. Nimewahi kupigwa na polisi kwa ajili ya ile kompresa. Hawakuniumiza kama macho yale.

"Ungenisaidia nini? Ungenitafutia mwanamke mwingine wa Chunya?"

Nilikaa chini nikaanza kuokota mchele pamoja naye. Punje kwa punje. Mpaka ukaisha.

Asubuhi tukampata Yasini nyuma ya soko, anakunywa uji. Nilitegemea atakana. Hakukana. Alisukuma bakuli la uji pembeni, akasema, "Nimechoka kuota ile kamba. Nitaenda na wewe, Mama. Nitasema."

Tukakubaliana. Yeye na Limi wapande gari waende kituo cha polisi, waandikishe maelezo. Mimi ningefuata.

Bado tuko pale, simu yangu ikalia. Cornel.

"Fundi, amerudi tena huyo mjinga. Kuna mkwaruzo mwingine. Njoo."

Nikamgeukia Limi. Nikaziba simu. "Umeandika tena?"

"Haki ya Mungu, sijakanyaga kule tangu juzi."

"Nakuja, bosi," nikasema.

Limi akanishika mkono. "Usiende."

"Nikienda, atabaki nyumbani ananisimamia. Nyie mtafika mkiwa huru. Nendeni."

Nilikuwa na hasira inayochemka, na hasira hiyo ilinipa ujasiri ambao si wangu. Nilitaka kumwona usoni. Nilitaka kushika msasa wangu mbele ya mtu aliyemzika shemeji yangu akiwa hai, nimtazame anavyoongea.

Geti lilifunguliwa. Mafundi wa uzio hawakuwepo, wameambiwa wapumzike. Prado ilikuwa katikati ya uwanja, inang'aa.

Nikaizunguka. Boneti, safi. Milango, safi. Nikainama, nikaitazama kwa upande ili mwanga uteleze juu yake kama tunavyofanya mafundi. Hakuna hata unywele.

"Shikamoo bosi. Mkwaruzo uko wapi?"

Cornel alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha plastiki. "Marahaba. Leo hakuna mkwaruzo. Vuta kiti."

"Nimesimama vizuri."

"Unajua, Edson, nimemiliki magari tangu nikiwa kijana. Fundi yeyote ukimpa boneti ile, anaanza pale palipochimbika zaidi. Neno WAPI ndilo lililokuwa limefika kwenye bati. Wewe ukaanza na jina. Nikajiuliza, huyu ana haraka gani na jina?"

Nikaweka sanduku langu la kazi chini.

"Nikauliza uliza sokoni. Nikaambiwa unakaa kwa mama ntilie mmoja. Nikaambiwa ni dada yako. Nikaambiwa mumewe alikuwa nani." Akatabasamu. "Na ulinitazama machoni ukaniuliza, huyu Marselino ni nani. Wewe mtu, unaweza kufanya siasa."

Kitu kikakatika ndani yangu.

Sikumrukia. Ningemrukia ningekuwa nimefanya alilotaka. Nilifungua sanduku langu la kazi, nikatoa bisibisi. Mama Blessing, aliyekuwa dirishani, akapiga kelele. Alidhani nakwenda kwa mumewe.

Nilikwenda kwa gari.

Miaka kumi na minne nimeondoa mikwaruzo ya watu. Sijawahi kukwaruza gari la mtu, hata kwa bahati mbaya. Siku hiyo niliikandamiza ile bisibisi kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma, herufi kwa herufi, mpaka bati likalia. MARSELINO. Nikaandika upande wa pili pia. Chembe za rangi niliyoipaka mwenyewe zilinirukia mdomoni, nikazitema.

"Umemzika mtu hai!" nikamwambia. "Umewazika watu watatu! Halafu unaniita nikupakie rangi! Leo hii, saa hii ninavyoongea, watu wako polisi wanakusema! Piga simu unakotaka!"

Cornel hakuinuka. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mwenye gari jipya hawezi kukaa vile.

"Umemaliza?" akauliza.

Akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni. "Huyu hapa. Ongea naye." Akafungulia spika, akaninyooshea.

Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado na bisibisi.

"Edson," sauti ikasema. "Shemeji."

Nilidhani nimepatwa na wazimu.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Marselino."

"Muongo. Wamekulipa wewe, mwanaharamu, wamekulipa uigize."

"Ni mimi, Edson."

"Ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Limi alikuwaje?"

"Jike jeusi, pembe moja imevunjika. Baba yenu alimkataa. Wewe ndiye uliyemwambia ng'ombe haolewi kwa pembe, akacheka, akampokea."

Hayo maneno niliyasema tukiwa watatu tu. Mmoja wetu, baba, ni marehemu.

Bisibisi ikaniponyoka. Furaha ilinijia, naapa, ilinijia kwanza. Nilimwona Limi akiruka. Nilimwona akilia kwa kheri.

"Uko hai," nikasema. "Uko hai, Marselino! Dada yangu anakufa kwa ajili yako. Kwa nini hukupiga simu?"

"Nisikilize. Bosi ameniambia Limi anaongea ongea. Kama ameenda polisi, mrudishe."

"Nimrudishe kwa nini? Wewe uko hai. Basi hao ndugu wawili wa Ushetu nao wako hai? Mko wote?"

Hakujibu.

"Marselino."

"Nilitoka mimi kwanza," akasema polepole. "Tochi zilikuwa zinaisha, nikapanda mwenyewe kwa kamba kufuata betri. Nilipofika juu, udongo ukashuka nyuma yangu. Haukuziba wote. Walikuwa wanaita, Edson. Niliwasikia. Yule mdogo alikuwa ananiita kwa jina."

Cornel alikuwa anakata kucha zake.

"Nikasema tuite watu. Bosi akasema tukiita watu, eneo linafungwa, sisi wote tunakwenda jela, na hata hivyo hawatatoka. Akaniletea koleo."

"Usiniambie."

"Nilikuwa naogopa."

"Marselino, usiniambie hivyo."

"Koleo la kwanza nililitia mimi," akasema. "Na la mwisho pia. Sasa unataka nirudi nyumbani nikamwambie nini Limi?"

Sijui nilichomjibu. Najua nilimtukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Nilimtukana kwa ajili ya wale ndugu wawili, nikamtukana kwa ajili ya miezi saba ya dada yangu, halafu nikajikuta nalia, na kulia mbele ya Cornel kulinikasirisha kuliko yote.

"Umeelewa sasa?" Cornel akasema. "Mimi nitapata mwanasheria. Shemeji yako atapata nani? Dada yako akifungua mdomo pale kituoni, anamtia mumewe kitanzi. Nenda kamchukue. Gari nitapaka rangi mwenyewe."

Mama Blessing alikuwa ametoka mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote, na kwa jinsi alivyoshika mdomo wake, nilijua hata yeye hakuwa anajua habari za koleo. Alimtazama mumewe kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya wengine.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Limi.

Cornel akaniashiria kwa kidevu. Pokea.

Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Ya Cornel ilikuwa bado mkono wa kushoto, haijakatwa, na nilimsikia Marselino anapumua ndani yake.

"Kaka, tumefika," Limi akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama sijaisikia miezi mingi. "Wametupokea vizuri. Yasini ameshaandikisha maelezo yake, ametia sahihi. Afande anasema watatafuta mtambo wakafukue leo leo. Sasa amebaki kuandika maelezo yangu. Anataka nimtaje mume wangu kwa jina, nieleze alikuwa mtu gani, alifanya kazi na nani siku ile. Nianzie wapi, kaka?"

Ile simu ya mkono wa kushoto ikaacha kupumua. Alikuwa ameisikia sauti ya mkewe.

"Kaka? Mbona kimya? Nimwambie nini afande?"

Cornel aliinuka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama Blessing akatikisa kichwa, mara moja, nisijue ananiambia sema au ananiambia nyamaza.

"Limi," nikasema, "umekaa au umesimama?"